Kumlalamikia askari polisi: tuliyopitia mimi na mdogo wangu hapa Moshi

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye muda huu ndugu yake katoka selo na alama mwilini na kila anayemuuliza anamwambia achana nao, polisi hawashtakiki. Wanashtakika, na askari anaadhibiwa, nimeona kwa macho yangu. Ila sio kwa kupiga kelele wala kwa kumjua mkubwa fulani, ni kwa karatasi, na ni kwa kujua unataka nini hasa, maana kumwadhibu askari kazini ni njia moja, kumpeleka mahakamani ni njia nyingine, kulipwa fidia ni ya tatu, na kila njia ina watu wake. Wengi wanaozungushwa wanapeleka ombi la njia hii kwa wenye njia ile. Kituo sikitaji, wilaya sitaji, majina ya askari siyataji, na mdogo wangu nitamwita dogo tu, yeye mwenyewe ndio alivyotaka.

Dogo ni bodaboda, kijiwe chao kipo upande wa Mbuyuni, na pikipiki ilikuwa ya mkataba, yaani anapeleka hela kila wiki kwa mwenye chombo mpaka mkataba uishe ndio iwe yake. Ijumaa moja usiku alikuwa anarudi kumpeleka abiria nje ya mji, difenda ya doria ya polisi ikamsimamisha, wakaomba leseni akatoa, wakaomba bima ipo, kofia zipo mbili, basi mmoja akamuuliza sasa tunafanyaje, dogo akajibu afande kama sina kosa naomba niende. Hapo ndipo ilipoanzia. Akapakiwa nyuma ya difenda, na kule kituoni akapigwa virungu kwenye chumba cha nyuma, kichwa akakikinga kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi bodaboda mwenzie aliyeiona pikipiki ikikokotwa ndio akatuamsha kwa simu. Nikaenda na baba mdogo, afande wa kaunta akafungua kitabu akasema hakuna mtu wa jina hilo. Baba mdogo ni mtu mzima, mpole, akasema sawa afande, tukatoka, ila tulipopita upande wa nyuma dogo alisikia sauti yangu akapaza ya kwake, dada niko huku! Tukarudi kaunta, safari hii jina likaandikwa mbele yetu, na saa ikaandikwa ya asubuhi hiyo kana kwamba ndio kwanza ameletwa. Mimi nikaiangalia ile saa vizuri sana, nikatoka nje nikaiandika kwenye simu pamoja na jina la afande wa kaunta, maana vibao vya majina wanavaa kifuani. Ile saa ya uongo ndio ilikuja kutusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Mtu asiye kwenye kitabu, kwa mujibu wa kituo, hayupo, na lolote linaweza kumpata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema polisi wana saa 4 za msingi za kumhoji mtu, zinaweza kuongezwa kwa utaratibu, na aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipowezekana apewe dhamana labda kosa liwe zito. Ana haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Hesabu hiyo inaanza pale alipokamatwa, ndio maana kuna wanaochelewa kuandika. Na kukamatwa Ijumaa kila mtu mtaani anajua maana yake, mahakama mpaka Jumatatu.

Tukaambiwa kosa ni kumzuia askari kutekeleza majukumu yake, na ili atoke tulete laki moja na nusu. Dhamana ya polisi ni bure, unaweka saini, mdhamini awe na kitambulisho na barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, basi. Baba mdogo akalipa, simlaumu, alishamuona mtoto wa kaka yake kupitia tundu la mlango. Hela ikatakiwa itumwe kwenye namba ya mwenye duka karibu na kituo, wakasema huyo ni wakala wao. Ile meseji ya muamala hatukuifuta, na nakuomba na wewe usifute, piga skrinshoti uitume kwa mtu wa tatu usiku huohuo, simu zinaibiwa na zinaharibika.

Alipotoka hatukwenda nyumbani. Tulikwenda kwenye kituo kingine cha polisi mjini kuomba PF3, ile fomu namba tatu ya matibabu, na hapa watu wengi ndio wanakwama kwa sababu wanadhani lazima uiombe palepale ulipopigwa. Si lazima. Kituo chochote kina uwezo wa kukupa, unaeleza umeumizwa, unapewa RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, na fomu, unakwenda hospitali. Yule afande mama aliyetuhudumia aliandika kwenye fomu hivyohivyo, ameshambuliwa akiwa mikononi mwa polisi, hakuficha, na hadi leo namuombea. Niseme hili wazi kwa sababu ni kweli: nusu ya msaada tuliopata umetoka kwa polisi wenyewe.

Hospitali PF3 inajazwa na daktari, na kuna sehemu anaandika aina ya madhara na maoni yake. Usikae kimya pale. Daktari wa zamu ya wikiendi ana foleni, atakuangalia uvimbe ataandika majeraha ya nje atakupa dawa ya maumivu. Dogo mwenyewe ndio alimwambia, daktari, huu mkono siwezi kubana klachi. Klachi ya pikipiki ipo mkono wa kushoto. Ndio akapelekwa kupiga picha, mfupa wa karibu na kiwiko cha mkono umepasuka, na yale maneno ya klachi daktari akayaandika, kwamba mgonjwa ni dereva wa pikipiki na hawezi kutumia mkono wa kushoto kwa kazi yake. Mstari huo mmoja una thamani kuliko picha kumi za michubuko, kwa sababu unaonyesha madhara na unaonyesha amepoteza nini. Picha tulipiga pia, za mwanga wa mchana, tukarudia baada ya siku chache kwa kuwa vilio la damu linabadilika rangi na linaonekana zaidi likishakaa.

Usiku huo nikamkalisha dogo asimulie nikaandika kila kitu kwenye daftari, nani alikaa wapi kwenye difenda, nani alishika tochi, mlango wa kile chumba unafungukia upande gani, selo alimkuta nani. Alichoka akataka kulala nikamwambia malizia. Kumbukumbu ya maumivu inachanganyika haraka mno, baada ya wiki mbili alikuwa anachanganya maneno ya askari huyu na ya yule, lakini daftari lilikuwa lipo.

Baada ya hapo ndio tukakutana na mtu aliyebadilisha mambo, mama mmoja msaidizi wa kisheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hawa watu wametambuliwa na wamesajiliwa, na ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri wanawajua walipo. Hawalipishi. Wakili tuliyemuuliza kabla alitaka laki nane za kuanzia, sisemi ni kosa, ni kazi yake, ila sisi hatukuwa nazo. Yule mama akasoma barua ambayo dogo alikuwa ameandika na wenzake wa kijiweni, akachukua kalamu nyekundu. Akakata unyama, akakata ukatili wa kutisha, akakata polisi wote ni walewale. Akasema mwanangu, anayesoma hii barua ni polisi, ukimtukana kazi yake anaiweka pembeni, mpe saa, mpe mahali, mpe jina, mpe kilichofanyika, halafu mwambie unaomba nini. Barua ikawa ukurasa mmoja na nusu. Aya ya mwisho ikasema tunaomba askari hawa wachunguzwe na kuchukuliwa hatua za kinidhamu, na jalada la jinai lifunguliwe kwa kosa la kushambulia na kudhuru mwili. Vitu viwili, vimetajwa kwa majina.

Akatueleza zile njia na hapa nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni nidhamu. Jeshi la Polisi lina sheria yake, Sura ya 322, na lina kitabu cha maelekezo ya kazi ambacho wenyewe wanakiita PGO. Askari wa vyeo vya chini, konstebo, koplo, sajenti, anashtakiwa ndani, wenyewe wanasema kushtakiwa kijeshi, mbele ya ofisa mkubwa kwake. Anasomewa shtaka, anaruhusiwa kujitetea na kuleta mashahidi, na adhabu ni kuanzia karipio, faini, kushushwa cheo mpaka kufukuzwa. Kuanzia mkaguzi kwenda juu mambo yanapanda juu zaidi, makao makuu na tume ya utumishi. Ndio maana ukisikia kamanda anatangaza askari fulani wamefukuzwa na watafikishwa mahakamani, mara nyingi inaanza nidhamu, anavuliwa magwanda, halafu anapandishwa kizimbani akiwa raia. Shida ya njia hii unaiona mwenyewe, anayepeleleza ni polisi, anayesikiliza ni polisi, anayeadhibu ni polisi.

Ya pili ni jinai. Hapa mwenye uamuzi ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, sio kamanda, ingawa upelelezi bado wanafanya polisi. Cha kujua ni kwamba sheria zetu hazina kosa linaloitwa kutesa, ingawa Katiba ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa, kwa hiyo askari anashtakiwa kama mtu yeyote aliyempiga mwenzie.

Ya tatu ni fidia, na hii ni kesi ya madai dhidi ya serikali. Lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Kwa madai ya namna hii una miaka mitatu tangu tukio. Watu wanasubiri kesi ya jinai iishe ndio wadai, jinai inaburuzwa, miaka mitatu inapita.

Barua tukaipeleka kwa mkono kwa mkuu wa polisi wa wilaya ya kule, nakala kwa kamanda wa mkoa, na kopi yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Bila muhuri barua haijafika, hata kama umeikabidhi mkononi mwa mtu. Tukaitwa kuandika maelezo. Soma maelezo kabla ya kusaini, mstari kwa mstari, dogo alikuta yameandikwa alianguka wakati wa kukamatwa, akakataa kusaini, yakarekebishwa. Likafuata gwaride la utambulisho, wanapangwa watu wengi wanaofanana umbo na mavazi wewe unamgusa begani uliyemuona. Dogo aliwagusa wawili. Kuhusu wa tatu hakuwa na uhakika, akasema sina uhakika, na nafikiri hilo ndilo lililompa heshima mbele ya ofisa aliyesimamia.

Kati ya barua na gwaride kilikuwepo kipindi kibaya kuliko usiku wenyewe. Dogo akaitwa kuripoti dhamana yake ya lile kosa la kumzuia askari, anakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni haulizwi kitu. Pikipiki ya rangi ileile ikawa inapita mbele ya nyumba usiku. Wenzake kijiweni wakaanza kumkwepa, naelewa, wao wanarudi barabarani kila siku. Mama presha ikapanda tukamhamishia kwa shangazi yetu Arusha, Sakina. Mimi nilikuwa nalala na simu mkononi, na kuna siku nilimwambia dogo tuache, yeye ndio akakataa.

Halafu wakaja wazee. Jumapili mchana, wazee wawili na mama mmoja, ndugu wa koplo mmoja kati ya wale askari, wameleta kreti ya soda na maneno mazuri, kwamba kijana wao ana watoto wanne, kwamba sisi sote ni watu wa mlimani, kwamba watatoa laki tano za matibabu yaishe. Baba mdogo alitaka yaishe. Kwa mila zetu wazee wakija kwa heshima namna hiyo huwatoi mbio. Tuliwapa viti, tukawasikiliza, na yule mama msaidizi alikuwa ametuandaa, akasema msikatae kwa matusi na msisaini chochote. Ile karatasi waliyokuja nayo ilikuwa imeshachapwa, inasema mlalamikaji ameondoa malalamiko yake yote kwa hiari. Ukisaini hiyo njia zote zinadhoofika kwa pamoja. Dogo akawaambia, wazee wangu shikamooni, huyu kijana wenu simchukii, ila huu ni mkono wangu wa kazi, na waliokuwemo selo na mimi hawakuwa na dada wa kuwatafuta. Wakaondoka na soda zao.

Wiki ileile tukaandika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hii naomba muielewe kwa kuwa ndicho chombo cha kiraia tulicho nacho kwa mambo haya. Imewekwa kwenye Katiba, sheria yake ni namba 7 ya mwaka 2001, ilichukua nafasi ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya tangu 1966, na makao yake makuu yako Dodoma. Malalamiko ni bure, kwa barua au kwa mdomo, na ndugu anaweza kulalamika kwa niaba ya aliye ndani. Wana mamlaka ya kuita watu na nyaraka na ya kuingia mahabusu kukagua. Ila wanatoa mapendekezo. Hawamfukuzi askari, hawamfungi, mapendekezo yakipuuzwa wanaweza kwenda mahakamani. Na hawagusi jambo ambalo liko mahakamani tayari, hivyo kama unajua unataka kuwapelekea usisubiri kesi ifunguliwe ndio uwakumbuke.

Mapendekezo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwandishi Daudi Mwangosi alipouawa Nyololo kule Iringa, Septemba 2012, Tume hii ilichunguza na ikasema hadharani polisi walikiuka haki za binadamu, na mwaka 2016 askari mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Sisemi kimoja kimezaa kingine, nasema jambo lilikuwa limeshaandikwa na mtu asiyevaa magwanda, likawa haliwezi kufutika. Kwetu ilikuwa hivyo kwa udogo wake, ofisi za polisi zilipoulizwa kwa barua kutoka nje zilihitaji kujibu kwa barua, na ili kujibu ilibidi mtu afungue kile kitabu aione ile saa.

Mimi bado naamini haitoshi. Sisi wa Moshi ukivuka Holili uko Taveta, Kenya, na wenzetu wale wana chombo kinachoitwa IPOA, kimeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, kazi yake ni polisi tu, kinapeleleza chenyewe vifo na majeraha makubwa yanayosababishwa na polisi na kupeleka jalada kwa mwendesha mashtaka. Wakenya wenyewe wanakilalamikia na watu bado wanauawa, sio dawa ya kila kitu. Lakini anayepeleleza hali chakula meza moja na anayepelelezwa. Hapa kwetu Rais Samia aliunda Tume ya Haki Jinai Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ikakabidhi ripoti Julai mwaka huohuo, na malalamiko ya wananchi juu ya polisi yalijaa mle. Nataka kuona chombo kinachojitegemea kabisa, chenye wapelelezi wake na ofisi mikoani, na nitaendelea kusema hivyo popote nitakapopewa nafasi, kwa sababu mdogo wangu alihitaji bahati nyingi mno ili asikilizwe.

Kuhusu ile laki na nusu, tulikwenda TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba yao ya bure ni 113. Jueni kwamba kwa sheria ya 2007 anayetoa na anayepokea wote wana kosa, sasa mtu anaogopa kuripoti. Sisi tulieleza ilivyokuwa, tumeombwa hela ili mtu atoke, muamala huu hapa, jina la mwenye namba hili hapa, na tulichukuliwa kama walalamikaji. Ila ofisa akasema kitu ambacho nataka kila mtu akishike, mkiombwa tena pigeni kabla ya kutoa, waweke mtego. Mtego unashinda skrinshoti.

Siku ya shauri la nidhamu dogo aliitwa kama shahidi, mimi pia. Sio mahakama ya kawaida, ni chumba cha ofisi, ofisa mezani, mwandishi pembeni, washtakiwa wamesimama wakakamavu bila kofia. Jiandae kwa hili: askari anakuuliza maswali mwenyewe. Aliyekupiga anasimama mita mbili kutoka kwako anakuuliza ulinitambuaje usiku. Dogo akajibu, afande ulishika tochi mkono wa kulia ukawa unamulika leseni yangu, mwanga ukarudi kwenye kibao cha jina lako. Akaulizwa unajuaje saa, akasema bodaboda mwenzangu alimpigia dada asubuhi saa kumi na mbili na dakika zake zimo kwenye simu, na nyie kitabu chenu kinasema nimeingia saa nne. Chumba kikawa kimya, ofisa akaomba ile simu. Alikuwepo pia yule mzee aliyelala selo na dogo, alikamatwa kwa gongo, tulimtafuta kupitia mwenyekiti wa mtaa wake na akakubali kuja kwa nauli tu. Kama ndugu yako alikutana na mtu selo, mtafute mapema huyo, wanahama.

Matokeo mlalamikaji hasomewi hukumu wala hapewi nakala, tulipata barua kwamba hatua za kinidhamu zimechukuliwa dhidi ya wahusika. Tukaandika tena kuuliza hatua zipi, na kopi Dodoma, ndio tukajibiwa kwamba koplo ameshushwa cheo na konstebo mmoja amefukuzwa. Lile kosa la dogo la kumzuia askari likafutwa. Wa tatu yuko kazini. Nilitegemea nitafurahi, nikalia tu, na dogo akauliza kwa nini aliyefukuzwa ni mdogo kwa cheo kuliko aliyetoa amri. Sina jibu zuri la kumpa na hilo swali tumeliandika kwenye barua ya Tume.

Gharama nazo niziseme. Mwenye pikipiki alichukua chombo chake mwezi uleule, mkataba ulikuwa umebaki kidogo tu, hela zote zilizokwishalipwa zikapotea. Picha za mfupa, plasta, nauli, kopi, mikate ya mashahidi, nimeuza kabati na cherehani moja kati ya mbili. Weka risiti, hata ya kopi ya shilingi mia andika kwenye daftari, maana kwenye fidia utaulizwa.

Na kwa vile tuko huku kaskazini, utashauriwa sana uende Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, si ipo hapo Arusha? Ipo, lakini Tanzania ilijitoa Novemba 2019 kwenye lile tamko linaloruhusu mtu binafsi kufungua kesi moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya za watu binafsi. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ipo Arusha, mtu binafsi anaruhusiwa, ila ni ndani ya miezi miwili tangu tukio na ni kwa hoja ya kuvunjwa mkataba wa jumuiya, unahitaji wakili kweli. Mtu akikuambia kirahisirahisi tutawaburuza Arusha, muulize ni mahakama gani.

Sasa hivi jalada la jinai liko kwa waendesha mashtaka, notisi ya siku 90 tumeshaitoa kwa msaada wa wakili wa kujitolea tuliyeunganishwa na yule mama, na siku zikitimia tunafungua Mahakama Kuu hapa Moshi. Dogo anafanya kazi ya kuosha magari kwa mkono mmoja na nusu. Kama ya kwako ni ya leo au jana, nenda kachukue PF3 kituo kingine sasa hivi kabla ya kutafuta wakili, na ukifika kwa daktari mwambie unafanya kazi gani.